Mchi Umenifunga Mdomo

Leo nimeshindwa na mpunga.

Nilikuwa nawafokea watazamaji wa video hapa Garsen: filamu za kungfu zinadanganya! Mwanafunzi anatwanga mpunga dakika mbili, muziki unalia, kesho anavunja matofali.

Dada yangu Hadija, aliyekuwa akitwanga na wanawake wenzake hapo jirani, akanisikia, akanipa mchi.

"Haya, kaka, twanga nami. Ukishindwa, usizungumzie filamu wiki nzima."

Nikakubali, mjinga mimi.

Huku kwetu tunatwanga wawili kinu kimoja: mmoja anainua, mwingine anashusha. Pigo la tisa nikachelewa. Michi ikagongana, wangu ukaruka, mpunga ukamwagika.

"Kaka, hata jasho halijatoka!"

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

Basi, kuzungumza nimeacha. Kutoandika hatukuahidiana.

Filamu zinadanganya! Bisheni.