Kikopo cha Mavyaa

Mimi nina kinyaa, wala sikuanza jana. Nikiona unywele kwenye sahani, sahani ile nimeshaachana nayo. Mtoto akitapika namwita mtu mwingine aje apanguse, hata kama mtoto ni wangu. Nyumbani kwetu walikuwa wakinicheka, wakisema mimi nitaolewa na malaika. Nikaolewa na binadamu, nikaletwa Mambrui, na huko nikamkuta mavyaa, mamake mume wangu: mwanamke wa visiwani, msafi, mwenye haya kuliko watu wote niliopata kuwajua. Hata kukohoa alikohoa kwa kujiziba na ushungi.

Mwaka ule mvua za masika zilifurisha vyoo vya shimo mtaa mzima, na maji ya kisima yakawa na harufu. Mavyaa akashikwa na tumbo. Siku ya kwanza alikwenda chooni mwenyewe, mkono ukutani. Siku ya pili hakuweza kufika, nikamwekea ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda. Mume wangu yuko Uarabuni kwa kazi, wifi zangu wameolewa mbali. Ndoo ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Sitaki kujipamba. Nilikuwa naibeba nimegeuza uso, leso nimejifunga puani, macho nusu nimeyafumba. Namimina shimoni, nasuuza kwa maji ya sabuni, naimwaga tena, kisha nasimama uani natema mate mpaka koo laniuma. Mara saba, mara nane kwa siku. Kila mara mavyaa aliniambia, "Nisamehe, mwanangu," nami nikajibu, "Usijali, mama," na roho imenichafuka. Nilimchukia kwa kuharisha. Najua ni maneno mabaya, lakini ndivyo nilivyokuwa nahisi.

Siku ya tatu nilimtia kwenye tuktuk, nikampeleka zahanati. Daktari alikuwa kijana, makamo ya mjukuu wake. Alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza, "Bibi, choo kina damu? Kina kamasi?" Mavyaa akainamisha kichwa na kujifunika uso. Amjibu mwanamume maneno kama yale? Labda afe kwanza, wamfufue. Daktari akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayemuuguza. Umeona damu?"

"Hakuna," nikasema.

Sikuwa nimetazama hata siku moja.

Daktari akanieleza kwa upole kwamba kuharisha si kumoja. Kuna kule kunakopita kwenyewe, mgonjwa akinyweshwa maji ya chumvi na sukari basi. Lakini wapo bakteria wanaoutoboatoboa utumbo, na hao huonekana kwa damu na usaha kwenye choo. Hao hawaondoki kwa maji, hao wataka dawa yao, na mzee wa umri ule hawezi kuwavumilia siku nyingi. "Ndiyo maana nataka choo chake nikipime kabla sijampa kitu," akasema. Akanipa kikopo cha plastiki, kijiko kidogo kimeshikana na kifuniko. Mavyaa pale zahanati hakuweza, na sikushangaa. Tukaambiwa nikilete asubuhi, kikiwa bado kibichi.

Asubuhi ndoo ilikuwa tayari. Nikaipeleka uani, nikafungua kikopo, nikakitazama kile kijiko. Nikajikaza kisabuni mara ya kwanza, mkono haukwenda. Mara ya pili niliinama na chai yote niliyokunywa ikanitoka puani na mdomoni. Basi. Nikaimwaga ndoo shimoni kama kawaida yangu, nikaingia chooni na kikopo, nikakijaza changu mimi. Changu sikionei kinyaa. Nilijiambia tunakula chungu kimoja na kunywa mtungi mmoja, kitakachoonekana kwangu ndicho kilichoko kwake. Nikaandika jina la mavyaa juu yake, nikashika njia.

Mwanamume wa maabara ya zahanati aliinamia darubini yake kitambo. "Hakuna damu, hakuna usaha," akasema. "Ila mayai ya minyoo yapo, tena si haba."

Minyoo! Mimi ninayeosha ndizi kabla ya kuimenya! Daktari akaandika dawa ya minyoo na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, akasema dawa ya bakteria haihitajiki. Njia nzima nilikuwa nawaza minyoo yangu, nitapataje dawa bila mtu kujua. Mavyaa sikumwaza kabisa, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi nikikumbuka.

Alipewa dawa yangu akaimeza, hakuuliza ni ya nini. Siku mbili baadaye midomo ilikuwa imepasuka na macho yamezama. Homa ilikuwa juu. Nikimfinya ngozi ya mkono, inabaki imesimama. Nikaja kuchukua ndoo, asiniambie nisamehe. Ukimya ule ulinitia hofu. Nikaitoa ndoo juani, nikashusha leso puani, nikafunua kifuniko, nikatazama.

Damu. Damu na kamasi, na choo chenyewe hakuna. Siku zote zile nilikuwa namimina damu ya mtu shimoni nimegeuza uso.

Nikachukua kikopo kingine safi na kijiko cha jikoni, nikachota. Matapishi yalipanda, nikayameza.

Kwenye maabara, yule mwanamume alipokitazama kikopo hakukimbilia hata darubini. "Hiki ni cha nani?"

"Ni chake."

"Na kile cha juzi?"

Benchi limejaa watu, wote wanasikia. "Kilikuwa changu," nikasema.

Hakunipigia kelele. "Ungetuulia mgonjwa," akasema, akaenda kumwita daktari.

Nikamfuata mavyaa kwa tuktuk, akalazwa mchana ule ule, akatundikiwa maji na kudungwa sindano. Choo chake kilipelekwa Malindi kuoteshwa, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua, lakini daktari hakungoja majibu. Yalipokuja baada ya siku tatu, dawa ilikuwa ndiyo hiyo hiyo na homa ilikuwa imeshuka. Daktari akaniambia ya kikopo nimweleze mwenyewe, yeye hatanisemea.

Nilimweleza nikiwa namwosha miguu kitandani. "Mama, kile kikopo cha kwanza..."

"Nakijua," akasema. "Nilikuona dirishani. Uliimwaga ndoo, ukaingia chooni na kikopo kitupu."

Nilimuuliza mbona hakusema, mbona alikubali kumeza dawa isiyo yake.

"Ningesema nini mbele ya watu? Kwamba mkaza mwanangu ananionea kinyaa? Niliona nikusitiri."

"Ungekufa, mama."

"Nilijua," akasema. Kisha tumbo likamkata, akaomba ndoo, akaniambia nitoke nje nisione.