Pua Yangu na Papa wa Bibi

Juzi nilipita sokoni Tanga, kijana mmoja mbele yangu akaziba pua na kukunja uso kwa ajili ya papa mkavu aliyepangwa mezani. Mimi nikasogea, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Muuzaji akacheka, kadhani mzee kachanganyikiwa. Ah, ndugu yangu, angejua!

Miaka ile ya hamsini nililelewa kijijini Moa, huko huko pwani ya Tanga, na bibi mzaa mama. Kazi yake ilikuwa kukausha papa: anampasua, anamtia chumvi, anamwanika juu ya uchanja uani. Nyumba ilinuka, kanga zilinuka, hata kitanda. Wajukuu wengine hawakulala kwake. Jua likitua, hao, wameziba pua wanarudi kwao. Nililala naye mimi tu, maana pua yangu ilikuwa imeziba tangu nipate akili. Nilipumua kwa mdomo, nikikoroma kama mzee, na usiku nikikurupuka kama niliyekabwa. Hata kula kulikuwa taabu: nitafune au nipumue? Chuoni kwa Kurani pumzi ilinikatikia sikumaliza aya, mwalimu akanikalisha nyuma.

Bibi alinifukiza majani ya mkaratusi, akanitia mafuta ya habasoda, wapi! Ndipo mganga wa zahanati akasema kuna nyama zimeota ndani, zikakatwe hospitali Tanga. Jirani akaja juu: "Pua haikatwi! Mtoto atavuja damu mpaka afe!"

"Nataka kukatwa, Bibi," nikasema. "Nimechoka kukabwa."

Akanitazama sana. "Mume wangu," ndivyo alivyozoea kunitania, "ukizibuka pua utaniacha kama wenzio." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Alfajiri yake akanishika mkono tukaenda kungoja gari. "Twende. Liwalo na liwe."

Nakumbuka kitambaa chenye dawa usoni, ikanichoma kooni, basi. Nilipozinduka pua ilikuwa imeshindiliwa pamba. Maumivu yale, jamani, usiombe! Lakini sikulia, nisije nikampa jirani la kusema.

Siku ya kutolewa pamba Bibi alikuja na kanga mpya, kajifukiza udi. Akakaa mbali, karibu na mlango. Daktari akachomoa pamba, hewa ikaingia ya baridi, machozi yakanitoka. Nikanusa dawa, nikanusa udi, na chini ya udi, papa. Lo! Kumbe ndiyo harufu waliyokuwa wakiikimbia wenzangu!

Bibi alikuwa ananitazama. Nikashuka kitandani, nikaenda nikauzika uso kwenye kanga yake, nikavuta pumzi kwa pua zote mbili.

"Unanuka, Bibi."

"Najua, mume wangu."

"Sogea nikae."

Uchanja ule haupo tena, wala nyumba, na Bibi yuko makaburini Moa. Juzi nilinunua kipande cha papa. Wajukuu wangu wakapiga kelele nikiweke nje. Nimekiweka chumbani, karibu na mto.