Mlango wa Chumba cha Kujifungulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la mikono mirefu, nikaambiwa niikunje. "Wino ukichafua shati ni shida yako, ukichafua ramani ni shida yangu," alisema Mhandisi, mkuu wangu wa kwanza. Akanionyesha meza ya kuchorea, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali, na mhuri wenye jina la ofisi. Ndivyo nilivyoanza kuchora ramani za majengo ya vijijini, huku kwetu Kilwa na Lindi. Nyinyi mnaochora kwa kompyuta mkikosea mnafuta. Sisi tulikwangua wino kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke.

Kusema kweli hatukubuni sana. Tulikuwa na kitu kinaitwa ramani ya mfano, yaani mchoro mmoja wa zahanati uliopitishwa huko juu na kutumwa kila mahali. Kazi yangu ilikuwa kuugeuza kidogo ufuate mteremko wa kiwanja, kisha kugonga mhuri. Vijijini waliniita Bwana Ramani, nami nikavimba kichwa.

Basi tukaenda kujenga zahanati katika kijiji kimoja cha wakulima, mbele ya Mitole. Kwenye ramani veranda ilitazama barabara, na milango yote ilifungukia verandani, pamoja na wa chumba cha kujifungulia. Siku ya kupima msingi, nikiwa nimeinama nafunga kamba kwenye vigingi, akaja Bi Somoe, mkunga wa pale. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza mlango wa wazazi uko wapi. Nikamwonyesha.

"Hapa? Mbele ya baraza la wanaume?"

"Si baraza, mama. Ni veranda ya wagonjwa."

"Ukishajenga kivuli, mwanangu, wanaume watakaa. Mwanamke wa kwetu akishikwa uchungu hatangazi. Anaondoka kimya kimya, mama yake mbele, shangazi nyuma. Leo umpitishe mbele ya baba mkwe wake? Hapiti huyo. Mlango uweke kule nyuma, upande wa mihogo."

Mimi ni Mmwera, nimelelewa na shangazi zangu. Hayo aliyoyasema niliyajua tangu utotoni, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mgeni angekuwa na udhuru.

Nililipeleka suala kwa Mhandisi. Hakuinua hata macho.

"Ramani imeshapitishwa. Ukihamisha mlango huu, kesho kila kijiji kitataka wake."

"Lakini wanawake wa kule, mzee..."

"Watazoea. Gonga mhuri."

Nikagonga. Ningeweza kubishana zaidi, lakini mwaka ule nilikuwa nangoja kupandishwa cheo.

Zahanati ilifunguliwa kwa ngoma na pilau. Wanaume waliipenda veranda ile kupita kiasi, na msimu wa korosho ulipofika wakawa wanakutana hapo kuzungumzia mnada. Asubuhi moja ya mkutano, Fatu, binti wa mwisho wa Bi Somoe, alishikwa uchungu. Mama yake aliona hili si la kuzalia nyumbani, akamsihi waende. Fatu akachungulia barabarani, akamwona baba mkwe wake amekaa verandani, karibu kabisa na ule mlango. Akasema atangoja watawanyike. Mkutano ulikwisha adhuhuri. Walipomfikisha, damu ilikuwa imemtoka nyingi mno, na muuguzi alifanya kila aliloweza. Fatu alikufa, na mtoto naye hakupona.

Habari hizo nilizipata kwa muuguzi huyo nilipokwenda kukagua nyufa za sakafu. Niliutazama ule mlango. Milango mingine rangi ilikuwa imechakaa kwa kushikwashikwa, lakini huu ulikuwa bado mpya. Nikaenda kutoa pole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Bi Somoe, akanisogezea kigoda. Ningefarijika angenitukana.

Baadaye nikahamishiwa Rondo, chini ya mkuu mwingine, mama mmoja mkali tuliyemwita Mama Mkuu. Huko niliapa sichori tena kabla sijauliza mlango uwe wapi. Niliomba majivu jikoni kwa watu, nikachora jengo zima ardhini kwa ukubwa wake halisi, kisha nikawaita wanawake watembee ndani yake, wanaume wakae mbali. Walipokataa ukuta waliufuta kwa miguu. Wakataka jiko la wale wanaomsindikiza mzazi, nikachora. Ilipofika zamu ya wanaume, mzee mmoja wa magongo akataka ngazi iondolewe, tukaweka njia ya mteremko. Mama Mkuu alikuja akanikuta nimejaa majivu mpaka kwenye nyusi.

"Hii ndiyo ofisi sasa, Bwana Ramani?"

"Ndiyo, mama."

Alivua viatu, akaingia kwa kila mlango mmoja mmoja. "Ichore hivi hivi," akasema. "Nitasaini mimi."

Tulijenga nyingi namna hiyo, na watu walinisifu. Sikuzifurahia sifa zile. Kila barua niliyoandika kuhusu zahanati ya kule mbele ya Mitole ilijibiwa kwamba jengo lililokamilika halifunguliwi faili upya. Nami nilikubali kujibiwa hivyo, miaka ikaenda.

Mwaka wa kustaafu niliomba kazi moja tu ya mwisho, nikapewa. Nilirudi kule mbele ya Mitole na mafundi wawili. Tukatoboa ukuta wa nyuma, tukapachika lenta tuliyokuja nayo, ule ukanda wa zege unaobeba ukuta juu ya mlango, tukatundika mlango upande wa mihogo. Sasa nipo nyumbani Mingoyo, na vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi hii nawaonyesha ramani za Rondo. Wanazipenda.

Lakini siku ile, tulipomaliza, nilimfuata Bi Somoe kwake. Alikuwa amezeeka, anaona kwa shida. Nilimshika mkono mpaka nyuma ya jengo. Akapapasa fremu, akaingia, akatoka.

"Unapitika," akasema. Kisha akaniuliza, "Imewachukua muda gani, mwanangu?"

"Siku mbili, mama."

Akaupapasa tena ukuta.

"Siku mbili," akasema.