Ndama wa Majani Makavu

Juzi nilipeleka kiatu kwa fundi aliye karibu na soko la Nakuru, nikamkuta ameloweka kipande cha ngozi kwenye debe la maji. Harufu ile ilinipata kabla sijamsalimu: ngozi iliyolowa, chumvi kidogo, na nyuma yake kitu cha nyasi kuukuu. Fundi aliniuliza kama ninaumwa, akanisogezea kibao. Nilikaa. Nimepita miaka sabini na sioni haya tena kukalishwa na vijana. Lakini ningemweleza vipi kwamba debe lake lilikuwa limenirudisha Ndabibi, kwenye banda la kukamulia, nikiwa na miaka saba, nimemkumbatia ndama asiye na uhai?

Baadhi yenu mnaosoma haya mlimjua baba yangu. Mtakuwa mlimwita Mzee Majani, kama wengine. Ndiye yule aliyevaa akala za mpira hata kanisani, asiyekula nyama, wala yai, wala kunywa maziwa, na aliyewavuta wengine wakaacha pia, miaka ambayo hakuna aliyekuwa amesikia jambo kama hilo katika mji wetu. Nimesikia sababu nyingi zikitolewa. Wapo waliosema tumbo lake lilikuwa bovu, na wapo walioapa kwamba alirogwa kwao Maragoli. Zote nilizisikiliza nikanyamaza, kwa sababu sababu yenyewe ilinihusu mimi.

Baba alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu tuliyemwita Bwana Haraka, mtu aliyefanya kila kitu mbio, hata kusalimia. Ulipokuwa unaitikia, yeye alikwisha kukupa mgongo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu wengi wa shamba lile walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa tusikokujua, na nyumba zao kwenye kambi ya wafanyakazi zikajazwa na watu wa magharibi ya nchi kama sisi. Ng'ombe walilindwa kuliko watu. Ng'ombe akionekana nje ya ua, wa kwanza kuulizwa ni mkamuaji, kwani ilidhaniwa anawapelekea watu wa msituni chakula.

Na baba yangu wa siku zile, niwaambieni, alipenda maziwa kupita kiasi. Alikunywa maziwa lala, yaliyoganda, kwenye kibuyu akiwa amesimama, na alipomaliza sharubu zake zilikuwa nyeupe, naye hakuzifuta mpaka Mama acheke. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ilikuwa yake kwa haki ya mwenye nyumba, na alinikatia kipande kidogo kwa siri kwa kuwa desturi haikuniruhusu mimi msichana. Huyo ndiye baba niliyekuwa naye kwanza.

Mwaka huo tulimzika ndugu yangu Enosi. Alikuwa bado hajajua kutembea. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku tatu, akazikwa nyuma ya kambi, karibu na ua wa senyenge, na baba akapanga mawe kukizunguka kile kilima kidogo cha udongo. Kwa majuma kadhaa maziwa ya Mama yaliendelea kutoka, yakilowesha nguo yake kifuani. Nilimwona akienda nyuma ya nyumba kuyakamua yaanguke chini, akielekeza uso ukutani.

Sasa, palikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Deisi. Alikuwa nusu wa kizungu, nusu wa kienyeji, na ile nusu ya kienyeji ndiyo iliyoleta shida, kwa sababu ng'ombe wa kienyeji hashushi maziwa asipomwona ndama wake. Deisi akazaa dume. Dume pale shambani halikuwa na kazi ila kunywa maziwa ya kuuzwa, kwa hiyo siku ya pili liliuawa, na aliyeliua ni baba, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Tangu hapo Deisi akayabana maziwa. Alipiga teke ndoo, akalia usiku na mchana, wala tone halikutoka.

Mzee Kiprono, aliyekuwa akilisha ng'ombe na aliyewajua tangu utoto wake, ndiye aliyemwonyesha baba la kufanya. Ngozi ya ndama ilianikwa kivulini, ikajazwa majani makavu, ikashonwa kwa kamba ya katani, ikapakwa chumvi mgongoni. Miguu ilikuwa vijiti vinne. Macho hayakuwapo. Ukiitazama kwa mbali ungesema ndama amesimama, na ukiisogelea ungetamani usingesogea. Ikawekwa mbele ya Deisi, naye akainusa, akaanza kuilamba, na maziwa yakashuka.

Tatizo ni kwamba ilianguka kila alipoilamba kwa nguvu, kwa hiyo nikaitwa niishike. Kila jioni nilichuchumaa nyuma ya ngozi ile, nikaisukuma kidogo kidogo ili ionekane inatikisika. Ulimi wa Deisi ulipita juu ya mgongo wa ngozi na juu ya vidole vyangu, haukubagua. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilijifunza kulia. Si mchezo wa watoto wa kusema "mbee". Nililia kwa koo, kwa sauti fupi ya ndama mwenye njaa, na mara ya kwanza nilipofanya hivyo Deisi alinguruma kwa ndani, taratibu, na ndoo ya baba ikajaa kuliko siku zote. Kiprono alicheka mpaka akashika nguzo. Baba hakucheka, lakini mimi niliona fahari tupu. Nilikuwa nimepata kitu ninachokiweza kuliko watu wazima.

Jumapili moja baada ya chakula, baba alikuwa kwenye ibada chini ya paa la mabati kule mwisho wa kambi, na Mama amelala. Tangu Enosi afe sikuwa na mtoto wa kubeba mgongoni, na mgongo wangu, sijui niseme vipi, ulikuwa umezoea uzito wake. Nilichukua leso aliyobebewa, iliyokuwa imekunjwa juu ya sanduku. Nikaenda bandani, nikamtoa ndama wa majani, nikamfunga mgongoni kwa leso ile kama nilivyofundishwa, fundo juu ya kifua. Alikuwa mwepesi mno. Nikatembea naye nikimbembeleza, na nilipopita kando ya malisho nikamwona Deisi yuko mbali, amenipa kisogo. Basi nikalia ile sauti.

Alikuja mbio. Nilisikia senyenge ikilia, kisha nguzo ikivunjika, na nilipogeuka alikuwa upande wangu wa ua na damu shingoni na kifuani. Nilikimbia nyumbani, naye akanifuata hatua kwa hatua, hakunigusa, analia tu. Mpaka leo sijasikia mnyama wala mtu akilia vile.

Mama alitoka akasimama mlangoni. Aliona leso ya mtoto wake. Aliona kilichokuwa ndani yake. Nilingoja kofi, na laiti angenipiga. Alifungua lile fundo polepole, akamshusha ndama wa majani, akamweka kwenye nyasi mbele ya ng'ombe. Deisi akaanza kumlamba, na maziwa yakatiririka yenyewe ardhini, hapana ndoo wala mkono. Mama akasimama kando yake, kiganja juu ya shingo ile iliyochanika, macho yake yakitazama maziwa yakinywewa na mchanga.

Baba alifika akihema. Mama hakumgeukia. Alisema, "Baba Kageha, huyu amemfuata mtoto wake. Haya, mwambie wewe ukweli."

Kabla hajapata la kusema, Landrova ya Bwana Haraka ilikuwa imefika, na Mama akanivuta ndani. Nilisikia kelele, kile Kiswahili chake cha amri: "Nani fungua ngombe? Nani?" Nilisikia sauti ya baba ikijibu, chini mno nisiweze kuyashika maneno. Kesho yake asubuhi tulikuwa tumefunga mizigo. Mama alikwenda nyuma ya kambi peke yake, na aliporudi alikuwa na udongo magotini. Tulipanda lori la madebe ya maziwa mpaka stesheni ya Naivasha, tukapanda treni hadi Nakuru, na hatukukanyaga tena Ndabibi. Shamba lilikuwa la watu. Kaburi la Enosi likabaki ndani yake.

Hakuna aliyenilaumu. Lakini mtoto wa miaka saba anajua kuunganisha mambo. Mimi ndiye niliyemwita ng'ombe, ng'ombe akavunja ua, baba akafukuzwa, na Mama akamwacha mtoto wake udongoni bila mtu wa kumng'olea magugu. Niliamini hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tulikaa mtaa wa Bondeni, chumba kimoja. Baba akapata kazi ya kutunza bustani za maofisa wa reli, na hapo ndipo alipoanza kuwa mtu mwingine. Kwanza maziwa. Mama alimwekea chai, akaisukuma, akaomba ya rangi. Kisha nyama. Krismasi yetu ya kwanza mjini, mchungaji alikuja kututembelea na jogoo alikuwa amefungwa tayari kwenye mguu wa meza. Baba akainama, akamfungua, akamtoa nje, kisha akarudi kumwomba mchungaji radhi na kumkaribisha ugali kwa mboga ya mrenda na kunde za karanga. Shangazi yangu, aliyekuwa amesafiri kutoka Maragoli kwa ajili ya sikukuu hiyo, alisema ametuvua nguo mbele ya watu, na akarudi kwao kabla ya mwaka mpya. Mchungaji, kwa taarifa yenu, aliomba kunde mara ya pili.

Baadaye wakaja wengine. Mjane aliyeuza mboga sokoni, aliyesema kwamba kwa hali yake nyama ilikuwa imemwacha yeye kabla yeye hajaiacha. Mchochea moto mmoja wa reli na mkewe. Kila Jumapili baada ya ibada kila nyumba ilileta sufuria yake chumbani kwetu, tukala pamoja maharagwe, viazi vitamu, majani ya maboga, na baba akaeleza kwa sauti yake ya chini jinsi mtu anavyoweza kuishi bila kumnyang'anya yeyote mtoto wake. Majirani walituita Kanisa la Mbuzi, kwa kuwa tunakula majani. Nilipopita watoto wenzangu walilia "mee". Mimi pekee ndiye niliyetetemeka badala ya kukasirika.

Kwani kila kikombe alichokisukuma nilikiona kimesukumwa kwa sababu yangu. Nilidhani anaomboleza kazi yake. Nilidhani kila Jumapili anawaambia watu, bila kunitaja, nilichofanya. Nilikua nikila kwa hofu, na nilipoolewa nilikula nyama siku hiyo hiyo, nyingi, nikaumwa usiku kucha.

Mama alikufa kabla ya baba, akazikwa Kiamunyi, kwenye ardhi tuliyopata baadaye. Wakati huo nyumba zilizokula kama baba zilikuwa zimepita ishirini. Mjukuu wake mmoja aliyekuwa akisoma chuo alikuja akamwambia babu yake, "Kuka, kumbe wewe ni vegan. Watu kama wewe wako na jina huko nje." Baba aliuliza kama ni wengi. Akaambiwa ni wengi sana. Akafikiri, kisha akasema wangemwandikia basi, maana alikuwa amekaa peke yake muda mrefu.

Siku aliyosema hivyo ndiyo siku niliyomwomba msamaha. Wajukuu walikuwa wameondoka, tukabaki tunachambua kunde. Nilimwambia yote: leso, ua, kazi, kaburi. Aliacha kuchambua.

"Nani alikuambia nilifukuzwa?" akauliza.

Nikamwambia nilisikia kelele.

"Alipiga kelele, ndiyo, hiyo ilikuwa kawaida yake. Halafu akacheka. Akasema nirudishe ile ngozi, na jioni nikamue kama kawaida. Akasema pia mtoto wangu ni hodari, nikulete kila siku." Alikung'uta maganda magotini. "Mimi ndiye nilisema siwezi. Na mama yako ndiye alianza kufunga mizigo."

Nilimuuliza kwa nini, kama hakufukuzwa, walimwacha Enosi.

"Hiyo siku nilikuwa kwa ibada," akasema. "Nikasikia ndama analia. Mimi ndiye nilimuua, Kageha, kwa mkono yangu, na nikamsikia. Nikakimbia. Kufika, nakuta ni wewe. Mtoto wangu, miaka saba, anajua kudanganya mama wa mtu kuliko sisi wote. Nikaona ni mimi nilikufundisha. Nikaona nikikaa hapo, nitakuwa nimepoteza wawili."

Kwa hiyo hilo ndilo nililochelewa kulielewa, ndugu zangu. Hakuwa ameacha maziwa kwa kuomboleza kazi, wala kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Aliyehofia kumpoteza ni mimi, na maisha yake yote yaliyofuata, zile akala za mpira, zile sufuria za Jumapili, dhihaka alizozibeba, yalikuwa njia yake ya kunitoa kwenye lile banda. Mzigo niliokuwa nao ulianguka, na mwingine ukakaa pale pale kabla sijapumzika.

Aliokota tena kunde, akachambua ganda moja au mawili. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama bado ninaweza kulia vile.

Nilimwambia nimesahau. Akasema ni vizuri, Mungu amesaidia.

Nilitoka nje nikaenda mpaka mwisho wa shamba, mahali ambapo asingenisikia, nikajaribu, kwa sauti ya chini. Ilitoka mara ya kwanza, yote.