Mguu Mfupi wa Kiti

Useremala niliujifunza kwa mgongo. Wakati wa vita, katika karakana, atelie ya patro wangu, bosi wetu hapa Kindu, ukiharibu ubao ulimpelekea mwenyewe, kisha ukageuka kumpa mgongo. Alikupiga nao mpaka uvunjike. Mwenzangu mmoja alivunjwa mkono. Siku hiyo askari walikuwa wametoka kumpasua patro mdomo kwa kitako cha bunduki, eti majeneza yanachelewa. Sisemi hivyo ili kumtetea. Ilikuwa hivyo. Na chakula kikipungua, alitulisha sisi kwanza.

Mwaka huu nimeitwa, mimi niliyeacha shule darasa la tano, kujifunza namna ya kufundisha vijana waliotoka porini kwa wenye silaha. Mama mufundishaji alituambia sisi mafundi siku ya kwanza:

“Hapa hapigwi muntu. Fundi akipiga, anarudi kwake. Mwanafunzi akipiga, vilevile.”

Fundi wa magari akasema, “Sasa mama, wataelewa na nini?”

Tulicheka. Na mimi nilicheka.

Siku ya jaribio nilipewa msichana wa upande wa Kabambare, aliyebeba bunduki tangu utoto. Alikata mguu wa kiti ukawa mfupi kwa vidole viwili. Nikamwambia, “Leta.” Akaleta. Nikamwambia, “Geuka.” Neno lilitoka lenyewe, naapa.

Hakugeuka. Nyundo ya mbao ilinipata tayani, nikatema jino. Akainua tena.

“Nipige basi, papa! Wa mwisho kuniambia geuka, nilimuzika!”

Mafundi wawili walimwangusha. Mmoja alimpiga mateke ya mbavu mpaka mwenzake alipomvuta shati. Sikumkataza. Nilikuwa nashika taya yangu.

Mama akaniuliza mbele ya wote, “Papa, ulitaka kumupiga? Kama hapana, huyu anatoka leo. Kama ndiyo, alijikinga, unatoka wewe.”

Tulijua maana ya kutoka. Kijijini kwao walishasema akirudi watamchoma.

Fundi wa magari akaninong’oneza, “Sema ulimuambia ageuke aone mchoro. Nani atabisha?”

Kweli mchoro wa kiti ulikuwa ukutani, nyuma yake kabisa. Na kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Lakini nilipomwambia ageuke, ule mguu wa kiti nilikuwa tayari nimeuinua juu ya bega langu, na hakuna muntu anayepima mbao juu ya bega.

“Nilitaka kumupiga,” nikasema.

“Na yule wa mateke ni nani?” mama akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Tulitolewa sisi wawili, saa sita mchana. Njiani mwenzangu alinitukana mpaka karibu na kwangu.

Msichana alibaki. Sijui nilisema kweli kwa kumhurumia ao kwa kumwogopa. Nikijipima vizuri, woga ulikuwamo, na haukuwa mdogo.