Mkutano wa Mtu Mmoja Mkunazini

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Februari. Msabah Mjaka anapangusa viti viwili katika duka lake la kujalidi vitabu, Mkunazini, Mji Mkongwe. Anavaa koti juu ya kanzu, anakalia kimoja, anafungua daftari.

"Bismillahi," anasema kwa sauti. "Mkutano Mkuu wa mwaka umefunguliwa."

Ng'ambo ya kichochoro, Bi Shahida, muuza vitambaa, anachungulia.

"Leo mmetimia, Mzee Msabah?"

"Tumetimia."

"Nyote?"

"Sote mmoja. Njoo basi, uwe mgeni mwalikwa."

"Mie! Nikishika sindano ya kushonea vitabu najishona kidole."

Anarudi ndani akicheka.

Mzee Msabah, mwenye umri wa miaka 73, ndiye mwakilishi wa Zanzibar katika jumuiya ya kimataifa ya wajalidi vitabu, yenye wanachama katika nchi zaidi ya arubaini. Kwa miaka kumi na tisa amewapelekea ripoti kila Februari. Na kila mwaka, chini ya neno "Waliohudhuria", ameandika jina moja tu, lake.

Anayetaka kujiunga hupeleka kitabu alichokijalidi kwa mkono wake, kikakaguliwe. Yeye alipeleka kitabu cha dua cha Kiarabu, chenye jalada la ngozi nyekundu. Baada ya miezi mitatu kilirejeshwa na barua: kazi safi, ila jalada limewekwa kinyume.

"Walikifungua kwa nyuma, kama cha Kizungu," anasema. "Nikawajibu kurasa mbili. Nikawaambia, ama mkigeuze kitabu, ama mgeuke nyinyi."

Kiingereza cha kuandikia barua ile alikipata katika masomo ya jioni, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Wakaguzi walikigeuza kitabu, wakampokea. Miaka mitatu baadaye wakamteua mwakilishi. Barua ya uteuzi ameitia fremu, iko ukutani hadi leo.

Siku hizo afisi zilimletea madaftari kwa mikokoteni. Sasa mambo yamo kwenye kompyuta. Mwezi ukiwa mzuri hupata misahafu kumi na miwili ya kujalidi upya, kwa shilingi elfu kumi na tano kila mmoja. Mwezi mbaya haifiki minne. Hutia udhu kabla ya kuigusa, na vipande vya kurasa zilizochakaa huviweka katika mfuko safi wa kitambaa. Havitupwi.

Kiti cha pili kilikuwa cha mkewe, Bi Mwanakheir, aliyefariki miaka minne iliyopita. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akishona kurasa, na mume akitia gundi na majalada.

"Kila mkutano alikuwapo hapo, anashona," anasema Mzee Msabah. "Nikifunga daftari huniuliza, 'Haya, mmeamua nini?' Tukicheka."

Anakipangusa kiti tena.

"Wala sikumwandika hata siku moja. Nilimwona mke, sikumwona fundi."

Oktoba iliyopita ilikuja barua kutoka makao makuu ya jumuiya, Ulaya. Nchi yoyote isiyokuwa na wanachama wawili ifikapo mwisho wa Machi, uwakilishi wake utafungwa na jina lake litaondolewa kwenye orodha.

"Kufutwa mimi si kitu, nshakuwa mzee. Lakini Zanzibar ifutwe, nami nipo hai?"

Ndipo alipomkumbuka Wanu Makame, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Zamani Wanu alikuwa akimletea juzuu zilizochanwa na watoto. Kisha akaanza kuzishona mwenyewe, na miaka sita iliyopita akaja kuuliza vipi na yeye atajiunga. Mzee Msabah alimtazama akamuuliza, "Cheti chako kiko wapi?"

Wanu aliondoka, hakurudi. Sharti la cheti halimo katika kanuni. Mzee Msabah alilitunga mwenyewe papo hapo.

Mwezi uliopita alifunga safari mpaka Mkokotoni. Alimkuta Wanu barazani kwake, na uzi mdomoni.

"Shikamoo, Mzee Msabah. Umekuja kukagua cheti?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Na nikikubaliwa, nione kazi yako."

Wanu alimpa kitabu cha sarufi ya Kiarabu. Mzee alikifungua katikati, akatafuta fundo la mwisho. Uzi ulirejeshwa ndani mara mbili, ncha yake haionekani. Fundo lile alilijua. Hakuwa ameliona tangu mkewe alipofariki.

Alitoa fomu ya kujiunga. Palikuwa na mahali pa jina la mwalimu.

"Aliyekufunza nani?"

"Kwani hujui? Bi Mwanakheir! Nikija dukani kungoja vitabu, hunivuta uani. 'Muache mzee na barua zake za Ulaya,' ananambia, 'wewe njoo ushike sindano.'"

Ikawa mara ya kwanza jina la Bi Mwanakheir kuandikwa katika karatasi za jumuiya.

"Nililiandika, nikavua miwani nikaifuta," anasema Mzee Msabah. "Wanu akaniuliza nna nini. Nikamwambia joto."

Kitabu cha Wanu kiko njiani kwenda kukaguliwa. Juu ya jalada Mzee amebandika kikaratasi kwa herufi kubwa: kinafunguliwa kutoka kulia. Jawabu halijaja, na Machi haiko mbali.

Dukani, anamaliza kuandika. Waliohudhuria: Msabah Mjaka. Chini yake anaacha mstari mmoja mtupu wa jina la pili, kisha anafunga daftari. Hakuna wa kumuuliza wameamua nini, lakini leo kuna jambo limeamuliwa.

"Wakimpokea, mkutano ujao utakuwa Mkokotoni, na uwakilishi namwachia yeye," anasema. "Mie nina langu moja la kumuomba. Anifunze lile fundo. Miaka yote lilifungwa hapa mbele yangu, sikuwahi kuuliza linafungwaje."