Distribisio ya Bure

Mtu aliyezaliwa Buyenzi, hapa Bujumbura, hanunui bila kubishana. Anatajiwa bei, anacheka, anataja nusu yake, anageuka kama anayeondoka, anaitwa. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mfumo wa kompyuta usiouzwa, unachukua tu na kwenda nao, nilikosa pa kuanzia. Nusu ya sifuri ni nini? Na ukigeuka kuondoka, nani atakuita, wakati hakuna anayeuza?

Nilikuwa na sekretaria nyuma ya soko, chumba kimoja cha kupigia watu chapa barua, maombi ya kazi, na zile memwari ndefu za kumalizia masomo za wanafunzi wa chuo kikuu. Vita vilikuwa bado vimekaa vilimani na katika mitaa ya kaskazini, lakini maombi ya kazi yaliandikwa kila siku, kana kwamba kazi zipo. Chumba kile kilinilisha. Halafu disketi ya mteja ikaniletea virusi, na kompyuta zangu tatu, zote nzee, zote zikiendeshwa na mfumo wa wizi uliowekwa na fundi wa njiani, zikawa zinawaka, zinanionyesha rangi ya buluu, zinazima. Fundi mwenyewe alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo. Wateja wakahamia kwa jirani. Nilijua kabisa: nikifunga mwezi ule, sitafungua tena. Wenye kukitamani kile chumba walikuwa wakipita kunijulia hali.

Ndipo wakaja mabwana watatu wa Linux, ule mfumo usiouzwa. Mmoja mhandisi wa Kinanira, mtaa wa wenye nazo, aliyesomea Ubelgiji na hakuacha lisaa lipite bila kutukumbusha. Wa pili mwalimu wa hesabu, mwimbaji wa kwaya. Wa tatu alifundisha kompyuta katika shule ya watu binafsi na kuishi Kinama, mtaa wa kaskazini. Mdomo wake ulikuwa pilipili tupu, na sikumpenda. Tukapatana: wao watafufua mashine zangu, mimi nitawaachia chumba Jumamosi moja wauonyeshe mji mfumo wao huo.

Walimwaga CD mezani. Nilizihesabu, nikazirudia: kumi na moja.

"Zote ni Linux?"

"Zote, yaya," akasema mhandisi, akiniita dada mkubwa kwa heshima.

"Basi mbona si moja?"

"Ni *distribution*, matoleo matatu, kila toleo na CD zake. Unga ni uleule, wapishi mbalimbali."

"Nipeni mpishi mmoja, mi nina njaa."

Hapo ndipo nilipokosea kudhani nimeongea na watu wazima. Mhandisi alitaka ile ya Wafaransa, yenye picha na vitufe vya kupendeza. Mwalimu wa hesabu alitaka ile ya Wajerumani, iliyokuja na kitabu kizito cha kuulia nyoka. Yule wa Kinama alitaka ile isiyo na mapambo, maandishi meupe juu ya weusi, kwa sababu, alisema, mashine zangu ni vikongwe na kikongwe havalishwi viatu vya kuchuchumia. Wakabishana siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima baada yake. Walipandisha sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Mashine zangu zimelala, wao wanauliza ipi iko huru zaidi. Mji mzima unakimbilia nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje, wao wananiomba kahawa nyingine. Nilitamani kuwafungia mle ndani na kumeza ufunguo.

Jumamosi ilipokaribia, mhandisi akaandika tangazo. Hakumwonyesha mtu. Juu, kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara: DISTRIBUTION GRATUITE, yaani ugawaji wa bure. Chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi: Linux, matoleo yote. Halafu mahali petu na saa. Akalibandika pale mabasi madogo ya Kinama yanapojazia abiria, kwa sababu, alisema, pale watu ni wengi.

Watu walikuwa wengi kweli. Bujumbura ya miaka ile neno hilo lilikuwa na maana moja. Distribisio ni maharagwe, ni unga, ni mafuta ya kupimiwa kwenye bidoni ya plastiki; unakwenda na gunia lako na unakwenda mapema. Na wiki ile malori ya chakula cha msaada hayakuwa yamepita kaskazini, kwa sababu ya risasi.

Jumamosi nilipofika kufungua, mstari ulikuwa umeshazunguka kona. Akina mama, magunia yamekunjwa kwapani, watoto mgongoni. Wengi walitembea kwa miguu, viatu vyao vilisema hivyo. Mama mmoja wa mbele, mtu mzima, akanishika mkono kwa heshima.

"Mama, hii Linux ni maharagwe ao ni unga?"

"Si chakula, mama."

"Ni sabuni?"

"Ni kitu ya ordinatere, ya kompyuta."

Mwalimu wa hesabu, akili zimemruka, akampa CD. Mama akaigeuza, akajiona uso ndani yake.

"Hii ndiyo ya familia nzima?"

"Pika na chumvi!" akapiga kelele mwingine nyuma. Wakacheka, kicheko kisichokuwa na furaha, na mstari ukaanza kusukuma mlango.

Nikaingia ndani. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma ya kabati.

"Ni kutoelewana tu, yaya. Ni neno la kiufundi."

"Neno la kiufundi umelibandika penye basi ya Kinama, wiki yenye malori hayakupita. Toka uwaambie."

"Mi? Watanipiga!"

"Wakupige kidogo."

Mwalimu wa hesabu akakumbuka kwamba kwaya ina mazoezi. Alipitia mlango wa nyuma, CD zake kifuani.

Yule wa Kinama aliweka CD zake chini. Akatoka, akapanda juu ya jiwe la mlangoni, akawaambia kwa Kirundi, bila kupaka asali: hakuna chakula hapa, hakikuwepo, sisi ndio tumeandika vibaya. Wakamtukana. Wakamtukania na mama yake, ambaye wengine walimjua. Dada mmoja akamvika gunia tupu kichwani, naye akalivua, akalikunja vizuri, akamrudishia. Alisimama pale juani mpaka mtu wa mwisho alipogeuka kurudi kaskazini, mikono mitupu.

Mhandisi akatoka nyuma ya kabati akipangusa vumbi. "Sasa, yaya, tuanze na ile ya Wafaransa?"

"Apana. Tunaweka ya huyu."

"Ile? Haina hata picha! Wateja wako watakimbia. Hili ni suala la kitaalamu, huwezi kuchagua kwa hasira."

"Mi siulizi ipi ni nzuri, kaka. Nauliza ikianguka Jumanne, nani atakuja."

"Mimi nina gari!"

"Gari unayo. Leo ulihitaji hatua sita mpaka mlangoni, na haukukuwa nazo."

Akachukua koti lake. Kutoka hapa hadi Kinanira ni mpando mrefu, na ninatumaini alichemsha injini.

Yule wa Kinama aliketi mbele ya mashine ya kwanza, shati limeloa jasho. Nilitegemea neno la shukrani. Akatia CD, akaangalia nyingine, akasonya.

"Yaya, hii inaomba CD saba. Ya ine imekwaruzika."

"Umeniletea distribisio mbovu?"

"Ni ya bure. Ulitaka nini?"

Alirudi nayo Jumanne, nzima, ameiazima mahali asipotaka kupataja; njiani alikalishwa chini kwenye barieri, kizuizi cha askari, mpaka mchana. Mashine mbili ziliamka, skrini nyeusi kama sufuria, zikapiga chapa. Ya tatu tuliila vipuri. Wanafunzi walilalamika, wakazoea, na mlango wangu ukabaki wazi. Lakini Jumamosi ile nilikuwa na hasira na mhandisi, na vita, na neno lenyewe, kiasi kwamba hata yule wa Kinama sikumpa chai.